Bei Huamuliwa Kwenye Mchoro: Ufundi wa Kubuni Bidhaa za Gharama Nafuu Nakuru

Bei ya bidhaa huamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla fundi hajashika nyundo, kwa kuwa mbunifu anapochagua umbo, vipimo, malighafi na namna ya kuunganisha vipande, huwa amekwisha kuamua ni kiasi gani cha bati kitatupwa, ni saa ngapi za kazi zitatumika, ni mashine gani italazimika kukodishwa, na ni mara ngapi mnunuzi atarudi na kitu kilichovunjika mkononi. Yanayobaki baada ya hapo, kama vile kumsihi muuzaji wa vyuma apunguze bei, kumlipa kibarua ujira mdogo zaidi au kutumia bati jembamba kuliko inavyopasa, huokoa shilingi chache ambazo mara nyingi hupotea tena kwa njia ya malalamiko na matengenezo. Jambo hili lina uzito wa pekee Nakuru, jiji lililopandishwa hadhi kutoka manispaa mnamo tarehe 1 Desemba 2021, ambako mafundi wa jua kali huwatengenezea wakazi wa Bondeni, Kivumbini, Kaptembwo na mashamba ya Bonde la Ufa majiko, milango, mikokoteni na vyombo vya kulishia mifugo, na ambako wanunuzi wengi hawana akiba ya kulipia makosa ya mbunifu.

Taaluma inayoshughulikia suala hili huitwa uchambuzi wa thamani, na chanzo chake ni uhaba. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya General Electric ya Marekani ilikosa malighafi nyingi ilizozizoea, na mhandisi wake Lawrence Miles, aliyekuwa na jukumu la kununua vifaa, akaona kwamba badala ya kutafuta malighafi ileile kwa bei yoyote, ilikuwa afadhali kuuliza sehemu husika inafanya kazi gani, kisha kutafuta kitu kingine chochote kinachoweza kuifanya kazi hiyo. Mara kadhaa kibadala hicho kilikuwa rahisi zaidi na hakikuwa duni hata kidogo. Kitabu alichokitoa mwaka 1961 kilieneza mbinu hiyo duniani, na msingi wake ni kwamba kila sehemu ielezwe kwa kitenzi na nomino tu, kwa mfano “hubeba sufuria”, “huzuia joto” au “hupitisha hewa”, ili mbunifu asitekwe na sura ya kitu alichokizoea. Sehemu ambayo haiwezi kuelezwa kwa namna hiyo huenda haina kazi yoyote.

Mbinu ya pili, iliyokomazwa na viwanda vya magari vya Japani, hasa Toyota, huitwa gharama lengwa, na hugeuza hesabu ya kawaida ya fundi. Kwa mazoea, fundi hutengeneza kitu, hujumlisha alichotumia, huongeza faida, kisha hutangaza bei. Katika gharama lengwa, bei ambayo mnunuzi anaweza kuimudu ndiyo hutangulia, na gharama ndiyo hutafutwa kwa kutoa. Ikiwa jiko halitanunuliwa kwa zaidi ya shilingi 600, muuza duka anahitaji 100, usafiri na kodi ya kibanda huchukua 70, na fundi anataka kubaki na 80, basi malighafi na kazi haviwezi kuzidi shilingi 350, na mchoro wowote unaopita kiasi hicho hurudi mezani kabla ya bati kukatwa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kilicho kigumu ni nidhamu ya kuikubali, kwa sababu humlazimisha mbunifu kuachana na wazo alilolipenda.

Mfano bora wa Kenya katika uwanja huu ni jiko la makaa lenye bitana ya udongo, ambalo leo hupatikana karibu kila soko nchini hata watu wengi wamesahau kwamba lilibuniwa na watu mahususi kwa wakati mahususi. Jiko la bati tupu lilikuwa limetumika Kenya tangu enzi za ujenzi wa reli, na kasoro yake ilikuwa kwamba bati hupitisha joto upesi, hivi kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya makaa iliishia hewani badala ya kufika kwenye sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kipindi ambacho Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu mwaka 1981, wataalamu wa Kenya na wageni, akiwemo mbunifu Maxwell Kinyanjui, walilichunguza jiko la ndoo la Thailand, ambalo lilikuwa na udongo wa kuchomwa ndani ya ganda la bati, wakaanza kulirekebisha lifae mapishi na mifuko ya Wakenya.

Nakala za kwanza hazikufaulu vizuri. Bitana iliyofunika jiko lote kutoka juu hadi chini ilikuwa nzito, ilitumia udongo mwingi, na ilipasuka kwa sababu bati na udongo hutanuka kwa viwango tofauti vinapopata moto. Suluhisho lililopatikana baada ya majaribio, na baada ya kusikiliza maoni ya wanawake waliolitumia jikoni, lilikuwa kuliminya jiko kiunoni na kuweka udongo katika nusu ya juu pekee, pale makaa yanapokaa, huku nusu ya chini ikibaki bati tupu lililopanuka ili jiko lisipinduke mtu anaposonga ugali. Kwa badiliko hilo moja la umbo, bitana ilipata mahali pa kukalia bila misumari, uzito ulipungua, udongo uliohitajika ulipungua, na uthabiti uliongezeka. Matundu yaliyotobolewa kwenye kitako cha bitana yenyewe yaliondoa haja ya kuwa na wavu wa chuma wa kushikilia makaa, ambao ndio huungua na kuharibika mapema katika jiko la zamani. Pengo kati ya udongo na bati lilijazwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, au na jivu pale madini hayo yalipokosekana.

Lililo muhimu zaidi kwa mtu anayejifunza kubuni, na ambalo husifiwa mara chache kuliko linavyostahili, ni mgawanyo wa kazi uliofuata. Kwa kuwa vipimo vya bitana viliwekwa sawa, mfinyanzi aliweza kuchoma mamia ya bitana katika tanuri lake bila kujua bati litatoka wapi, na fundi wa bati akaweza kukunja maganda ya bati bila kumiliki tanuri, kisha vitu hivyo viwili vikakutana katika kibanda cha yule anayeviunganisha. Hakuna kiwanda kikubwa kilichohitajika, hakuna aliyelazimika kukopa fedha za mashine ghali, na ushindani kati ya mafundi wengi ulishusha bei ya jiko hadi sehemu ndogo ya ile ya mwanzo bila ruzuku kwa mnunuzi. Kufikia miaka ya 1990 majiko ya aina hiyo yalikuwa katika mamia ya maelfu ya nyumba za Wakenya, na umbo lake lilikuwa limeigwa Uganda, Tanzania, Rwanda, Ethiopia na hata Afrika Magharibi. Aliyelinunua alipunguza makaa yake kwa takriban asilimia 30 hadi 50, na hapo ndipo penye gharama halisi ya jiko, kwa kuwa pesa zinazotumika kununua makaa kwa mwaka mmoja huzidi kwa mbali bei ya chombo chenyewe.

Chini ya mafanikio makubwa kama hayo kuna stadi ndogondogo ambazo fundi yeyote anaweza kujifunza kwa penseli na karatasi, na ya kwanza ni kupanga vipande juu ya malighafi kabla ya kukata. Karatasi ya bati inayouzwa madukani huwa na urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, yaani takriban sentimita 244 kwa 122. Fundi anayehitaji vitako vya mviringo vyenye kipenyo cha sentimita 30 anaweza kupata safu 4 za vitako 8, jumla 32, kutoka karatasi moja. Akiamua kipenyo kiwe sentimita 31, labda kwa sababu kalibu yake ya zamani ilikuwa hivyo, safu hizo hubaki 3 zenye vitako 7 kila moja, yaani 21 tu, na gharama ya bati kwa kila kitako huwa imepanda kwa zaidi ya nusu kwa ajili ya sentimita moja ambayo mnunuzi hataiona. Anaweza kuokoa sehemu ya hasara hiyo kwa kuzipanga safu kwa kupishana, kila kitako kikikaa katika pengo la viwili vya safu iliyotangulia, ambapo atapata 28. Lakini hata hivyo hatafikia 32. Hesabu ya namna hii haihitaji kompyuta, ingawa programu za kuchora zipo na taasisi za ufundi hufundisha kuzitumia, na inasikitisha kwamba vijana wengi hufundishwa kukata kwa unyofu miezi mingi kabla ya kuulizwa ni kwa nini wanakata kwa kipimo hicho.

Stadi ya pili ni kupunguza idadi ya vipande. Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst, wahandisi waliofanya kazi yao Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipendekeza kila kipande kiulizwe maswali matatu: je, ni lazima kisogee huku vipande vya jirani vikiwa vimetulia, je, ni lazima kiwe cha malighafi tofauti, na je, ni lazima kiwe peke yake ili kitu kiweze kuunganishwa au kufunguliwa kwa matengenezo. Kipande kinachojibu “hapana” mara tatu kinafaa kuunganishwa na jirani yake. Mlango mdogo wa jiko hupita mtihani huo, kwa kuwa husogea ili kudhibiti hewa; kishikio kilichofungwa kwa ribiti nne juu ya kibao kilichofungwa kwa ribiti nyingine nne hakipiti, na kinaweza kuwa ukanda mmoja uliokunjwa. Kila ribiti iliyoondolewa huondoa pia tundu lililopaswa kutobolewa, muda wa kulinganisha matundu, na mahali ambapo kutu ingeanzia.

Hata hivyo kupunguza kunapaswa kutanguliwa na kuelewa mahali bidhaa itakapotumika, na pampu za kukanyaga kwa miguu zinalithibitisha hilo. Pampu hizo zilienea Bangladesh, ambako mashamba ni tambarare na inatosha maji yavutwe na kumwagika mferejini. Martin Fisher na Nick Moon, walioanzisha mwaka 1991 shirika la ApproTEC jijini Nairobi, lililokuja kuitwa KickStart, walikuta kwamba mkulima wa Kenya mara nyingi ana shamba kwenye mteremko, juu ya mto au kisima, hivyo pampu yake inahitaji kuyasukuma maji kwa shinikizo ndani ya bomba baada ya kuyavuta. Pampu yao ya Super MoneyMaker ya mwaka 1998 ilifanya kazi zote mbili, na kwa hiyo ilikuwa na sehemu zaidi kuliko ile ya Bangladesh. Gharama hiyo ya ziada ilistahili kwa sababu bila hiyo chombo kisingekuwa na maana shambani. Baadaye shirika lilitoa pampu ndogo ya silinda moja, nyepesi na ya bei ya chini, kwa ajili ya mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi. Pampu zote mbili zimefungwa na sheria ileile ya maumbile, kwamba maji hayawezi kuvutwa kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi, na hakuna ubunifu wa gharama unaoweza kukivuka kipimo hicho.

Upande mwingine wa jambo hili ni uigaji. Jiko lililofaulu lilivutia waigaji, jambo ambalo ndilo lililoshusha bei, lakini baadhi yao walipunguza bati, wakaacha kuchoma udongo hadi uive, wakaweka saruji kidogo, na mnunuzi aliyeshindwa kutofautisha kwa macho akalipa pungufu kwa kitu kilichopasuka baada ya muda mfupi. Huko si kubuni kwa gharama nafuu, kwa kuwa gharama haikupungua bali ilihamishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mpishi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, huweka viwango, lakini fundi mdogo anayefanya kazi nje kabisa ya kiwanda hufikiwa na mkaguzi kwa nadra, na kwa hiyo kinga bora huwa ni ubunifu unaofanya kosa lionekane: kwa mfano bitana ambayo haiwezi kukaa mahali pake isipokuwa imefinyangwa kwa kipimo sahihi. Aliyebuni kitu kipya anaweza pia kukisajili. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inampa mtu aliyeboresha kifaa kwa kiasi kidogo hati ya ulinzi wa miaka 10, ambayo masharti yake ni mepesi kuliko yale ya hataza kamili.

Nakuru imetoa mchango wa namna nyingine katika taaluma hii, nao ni kuanzia kwenye malighafi ambayo mtu mwingine anatafuta namna ya kuiondoa. Kampuni ya NAWASSCOAL, iliyotokana na kampuni ya maji na usafi ya Nakuru, hutengeneza makaa ya vitonge kutokana na tope la vyoo, ambalo hukaushwa, huunguzwa kwa joto kali linaloua vijidudu na kuondoa harufu, husagwa, huchanganywa na vumbi la mbao lililounguzwa na molasi ya kushikanishia, kisha huviringishwa ndani ya pipa linalozunguka mpaka liwe mipira midogo. Kwa kuwa tope hilo lingegharimu fedha kulitupa kwa usalama, gharama ya malighafi huanzia chini ya sufuri, na pipa linalozunguka huondoa haja ya mashine ya kukandamiza yenye bei kubwa.

Mfano wenye kina zaidi ni kichujio cha floridi. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huyeyusha floridi katika maji ya visima, na kwa kuwa maji hayo yana kalsiamu kidogo ya kuishika, kiwango chake hupita mara nyingi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaumbika hubaki na meno ya kahawia maisha yake yote, na anayeyanywa kwa miaka mingi kwa kiwango kikubwa huathirika mifupa, hali ambayo wataalamu huiita florosisi. Kuyachemsha hakusaidii, bali huongeza makali kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki.

Njia za kuiondoa zilikuwa zikijulikana duniani kabla Nakuru haijaanza. Utando unaochuja kwa shinikizo huhitaji umeme na vipuri vya kigeni. Alumina iliyoamilishwa huagizwa kutoka nje. Na mbinu ya Nalgonda iliyobuniwa India, ambamo shabu na chokaa hukorogwa katika maji, humtaka mtumiaji apime dawa kila siku na kuinunua kila mara. Programu ya maji ya Jimbo Katoliki la Nakuru ilichagua, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, makaa ya mifupa, njia ambayo pia ilitafitiwa katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha. Mfupa umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfati yaitwayo haidroksiapatiti, ambayo huinasa floridi na kuiweka mahali pa chembe zake nyingine. Na mifupa, katika eneo la wafugaji na wala nyama, ni taka ya machinjioni na buchani.

Ubunifu ulikuwa katika tanuri. Mfupa ukichomwa kwa joto dogo mno hubaki na mafuta na nyama iliyooza, na maji hutoka na harufu na rangi ambazo hakuna mnywaji atakayezivumilia. Ukichomwa kwa joto kubwa mno, chembe zake hushikamana, vitundu vyake huziba, na uwezo wa kunasa floridi hupotea. Hivyo mifupa huunguzwa kwa hewa kidogo na joto la wastani, husagwa, huchekechwa ili chembe ziwe za ukubwa unaokaribiana, huoshwa, na kuwekwa katika ndoo yenye bomba, chombo ambacho kila familia inakijua na ambacho kinauzwa katika duka lolote. Kwa maneno ya uchambuzi wa thamani, ndoo hiyo inafanya kazi mbili tu, “hushikilia chembe” na “hutoa maji”, na hakuna chombo cha bei ya chini kinachozifanya vizuri zaidi. Maji hupita yenyewe kwa uzito wake, bila umeme.

Tatizo ambalo haliwezi kufichwa ni kwamba makaa hayo hushiba. Floridi haina rangi, ladha wala harufu katika viwango hivyo, na kichujio kilichokwisha nguvu hutoa maji yanayofanana kabisa na yale ya kichujio kipya. Kuanzia mwaka 2006 programu hiyo ilishirikiana na taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag kutoka Uswisi, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuongeza vidonge vya kalsiamu na fosfati kwenye makaa, ili madini hayo yayeyuke polepole na kuendelea kuinasa floridi pamoja na mfupa, jambo linalorefusha muda wa kutumia kichujio kabla ya kubadilishwa. Makaa yaliyoshiba yanaweza pia kuoshwa kwa magadi makali ya viwandani na kutumika upya, lakini kazi hiyo haifai kufanyiwa nyumbani kwa sababu ya hatari ya dawa yenyewe, hivyo ni lazima yakusanywe na kupelekwa kituoni, na usafiri huo ni sehemu ya bei ya ndoo ingawa haumo kwenye mchoro wake.

Kwa hiyo gharama iliyobaki kwenye kichujio cha Nakuru haiko tena katika mifupa, tanuri wala plastiki, ambavyo vyote vimeshapunguzwa karibu kadiri inavyowezekana. Iko katika kumjulisha mama wa nyumba, bila maabara na bila safari ya mjini, ni siku gani makaa yake yamekwisha. Kupima floridi kwa usahihi huhitaji kifaa cha umeme na mtu aliyefunzwa. Kuhesabu ndoo zilizochujwa ni rahisi, ila hutegemea kumbukumbu ya nyumba nzima na kiwango cha floridi cha kisima husika, ambacho hutofautiana kutoka kisima hadi kisima. Mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, au fundi wa plastiki wa mjini, anayetafuta kazi ya kubuni yenye manufaa makubwa kwa malighafi ndogo, ana hapo kipimo kamili cha gharama lengwa: kiashiria kisichozidi bei ambayo familia ingelipa kwa bomba la ndoo, kinachosomeka na mtu asiyejua kemia, na kinachofanya kazi katika maji ya Bonde la Ufa yenye magadi mengi.